"Batoto" si Kosa la Ulimi

Mwaka jana nilitia sahihi karatasi moja ambayo leo ningeichana kama ingekuwa mikononi mwangu. Imebaki katika faili ya mtoto. Niliandika hivi: "Matamshi dhaifu. Hawezi V wala W, anaweka B." Mtoto huyo nitamwita Kambale. Jina hilo halimfichui mtu: huku kwetu kila nyumba iliyozaa wavulana wawili ina Kambale wake.

Nilikuwa katika staji ya miezi mitatu kwenye shule moja ya watoto wenye ulemavu hapa Butembo. Idara yetu haina staji ya namna hiyo. Niliiomba mwenyewe, nikitaka kuona kama isimu inafaa kitu nje ya chumba cha mtihani. Shule ile ina walimu wenye moyo, ina meza zilizokatwa upande mmoja ili kiti cha magurudumu kiingie, ina sufuria kubwa ya uji, na ina faili ya fotokopi yenye picha za kumwonyesha mtoto ataje anachokiona. Mtaalamu wa kuitumia faili hiyo haina. Direkta aliposikia kwamba ninasoma lugha za Kiafrika akaniwekea faili mkononi. "Wewe ndiye wa lugha," akasema. "Utupimie hawa watatu wapya." Nilipaswa kukataa. Nilifurahi.

Mtaalamu ninayemsema Wabelgiji humwita logopède, Wafaransa humwita orthophoniste, na ndugu zetu wa Kampala na Nairobi husema mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Mimi nitasema logopedi, kwa kuwa ni fupi. Ni mtu anayemsaidia yule ambaye maneno hayatoki, au yanatoka yamevunjika, au hayaingii: mtoto mwenye kigugumizi, mtoto aliyeshonwa mdomo wa sungura, mzee aliyepooza upande mmoja akapoteza majina ya vitu. Hata kumeza ni kazi yake, jambo ambalo sikulijua hadi nilipomwona mwalimu mmoja akimketisha wima mtoto ambaye ubongo wake uliumia wakati wa kuzaliwa, akimshusha kidevu kidogo, na kumpa uji kwa ncha ya kijiko, tone kwa tone, nusu saa nzima. Mwalimu huyo alijifunza hivyo kwa kuogopa mtoto asipaliwe. Hakuna aliyemfundisha.

Kambale alikuwa na miaka saba. Wazazi wake walikimbia vita upande wa Lubero mwaka 2024, wakapanga chumba kimoja Furu. Shule ya kawaida ilimpokea, ikamweka mbele ya mwalimu anayefundisha kwa Kifaransa, na baada ya muhula mmoja ikamrudisha nyumbani na barua: hasemi vizuri, apelekwe kwa wenzake. "Wenzake" maana yake ni watoto wenye ulemavu.

Nilimfungulia faili. Vitabu: akasema bitabu. Viti: biti. Viazi: biazi. Watoto wawili wanacheza mpira: batoto. Watu sokoni: batu. Kila B ilipoangukia penye V au W niliweka msalaba, kama karatasi ilivyoagiza, maana kurasa za Kiswahili katika faili ile zilitoka ng'ambo ya mpaka na zimeandikwa kwa Kiswahili bora. Misalaba ikawa mingi. Nikaandika nilichoandika.

Wiki mbili baadaye, ilikuwa Oktoba, mawingu yalishuka juu ya mji mchana kama kawaida yake, na nikamsikia Kambale uani akipiga kelele: "Mvula! Mvula inakuya! Koti yangu iko wapi, nivale?" V safi. W safi. Hakuna B hata moja.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika idara yetu angeliona jambo hilo kabla ya mvua. B ya Kambale hukaa katika kiambishi cha ngeli tu: ba- penye wa-, bi- penye vi-. Katika mzizi V yake ni V na W yake ni W. Kwa hiyo hakuna kilichoshindikana mdomoni; ile ni sarufi, na ni sarufi yetu sote. Ndiyo sarufi ya Kiswahili kinachosemwa sokoni, kanisani baada ya misa, na kwenye kituo cha pikipiki. Kinande nacho kinasema aba- na ebi-. Hata profesa anayetukata alama kwa kuandika "batoto" hutamka "batoto" anaponunua mkate. Nilikuwa nimesoma ngeli kwa miaka minne, nikaziona zikipita mbele yangu katika kinywa cha mtoto, nikaziita ugonjwa.

Kambale alikuwa mzima. Alikuwa mtoto wa Kinande aliyefika mjini akaokota Kiswahili haraka kuliko wazazi wake, na ambaye mbele ya Kifaransa alinyamaza kama mimi ningenyamaza mbele ya Kijerumani. Nilimweleza direkta, naye hakunilaumu, jambo lililoniuma zaidi. Tukaandika barua nyingine. Shule ya kawaida ilimchukua tena mwaka wa masomo uliofuata, katika darasa lile lile la kwanza. Mwaka mmoja wa mtoto umekwenda hivyo, na sehemu yake ni mimi niliyeila.

Wiki ile ile nilikosea pia upande wa pili, na kosa hili ndilo linaloninyima usingizi. Wa pili kati ya wale watatu alikuwa msichana wa miaka sita, nitamwita Masika. Sukari alisema tukari. Shule akasema tule. Mfuko wa shule, ambao hapa kila mtoto anauita sac, akauita taki. Alikuwa amekaa miaka miwili katika chekechea, na kila mtu alikuwa amesema neno moja: "Atazoea, anachanganya lugha tatu." Nami nikaandika hivyo hivyo kwa maneno ya kisomi zaidi.

Siku moja bibi yake alikuja kumchukua. Nilimpa mtoto biskuti, na bibi akamwambia ashukuru kwa Kinande. Badala ya wasingya, mtoto akasema: "Watingya." Nikamtazama bibi.

"Mama, hata kwa Kinande?"

"Mwana wangu, haiko Kiswahili yenye inamushinda," akajibu. "Hata Kinande anasema vile vile. Ni tangu masikio ilianza kutoka maji."

Hapo ndipo nilipoelewa kanuni ambayo logopedi yeyote wa watoto wa lugha nyingi hufundishwa mapema: tatizo likionekana katika lugha moja tu, tazama lugha hiyo na jinsi mtoto alivyoipata, likionekana katika lugha zake zote, mtazame mtoto. Masika hakuwa anachanganya kitu. S yake ilipotea katika Kifaransa, katika Kiswahili na katika Kinande kwa namna moja, kwa sababu masikio yake hayakuwa yakiipata vizuri. Hospitalini walikuta ngozi ya sikio moja imetoboka na ugonjwa umekaa siku nyingi. Sasa anatibiwa, na darasani anaketi mstari wa mbele, upande wa sikio lililo nafuu.

Kwa miaka miwili hakuna aliyemuuliza bibi huyo. Sisemi kwamba watu walikuwa wabaya. Karatasi yenyewe ilikuwa na nafasi ya Kifaransa na nafasi ya Kiswahili. Nafasi ya Kinande haikuwapo. Lugha ambayo mtoto aliisikia kwanza, na ambayo ndani yake kulikuwa na jibu, haikuhesabiwa kuwa ushahidi.

Basi nitasema ninachotaka kusema. Tumezoea kulalamika kwamba Butembo na Beni hazina logopedi, na malalamiko hayo ni ya haki. Lakini hata akifika kesho, na shahada yake, na mshahara wake umelipwa, atafanya makosa yale yale niliyofanya mimi, kwa sababu kitu anachohitaji kwanza hakimo katika sanduku lake. Anahitaji kujua mtoto mzima wa Butembo anasemaje. Katika miaka mitatu, minne, mitano. Katika Kinande, katika Kiswahili cha huku, na katika mchanganyiko wa vyote viwili ambao ndio lugha halisi ya ua la shule. Hayo hayatengenezwi na kitivo cha tiba. Ni kazi yetu sisi wa lugha za Kiafrika, na hatujaifanya.

Tazama tunachojivunia, na tuna haki ya kujivunia. Kinande kinajulikana kwa wanaisimu wa dunia nzima kwa sababu ya irabu zake saba na jinsi zinavyovutana. Erilima, kwa irabu moja ya mzizi, ni kulima. Kwa irabu jirani yake, iliyokazwa zaidi, ni kuteketeza. Na irabu ya kiambishi cha mbele hubadilika kuifuata ile ya mzizi. Katika ujumbe wa simu maneno hayo mawili tunayaandika sawasawa na tunaelewana. Profesa Ngessimo Mutaka ameandika kitabu kizima juu ya toni za lugha hii, na kamusi ya Kinande na Kifaransa aliyoitunga pamoja na Kavutirwaki ilitolewa Tervuren mwaka 2012. Tunazisoma kazi hizo, tunazinukuu, tunazifanyia mtihani. Lakini data yake ni ya watu wazima. Na memwari zetu wenyewe, zile ninazozikuta katika rafu za maktaba yetu, huanza karibu zote kwa mzee mmoja wa kijijini mwenye kumbukumbu nzuri. Methali, majina ya watu, vinyambulisho vya kitenzi. Sijakuta hata moja iliyoanza kwa mtoto wa miaka mitatu.

Je, mtoto huyo wa miaka mitatu amekwisha kutenganisha kulima na kuteketeza? Kiambishi chake kinafuata mzizi tayari, au bado? Akisema "watingya" tumwache akue au tumpeleke masikio yapimwe? Mwanafonolojia anahitaji majibu hayo kwa ajili ya nadharia yake. Mama yake Masika aliyahitaji kwa ajili ya Masika.

Wala si kazi isiyowezekana Afrika. Kamil Ud Deen aliwarekodi watoto wa Nairobi wakijifunza Kiswahili, na kitabu chake cha mwaka 2005 kinaonyesha jinsi watoto wadogo wanavyoacha viambishi vya nafsi na vya wakati na baadaye kuvipata. Katherine Demuth alifanya kazi kubwa ya namna hiyo kwa Kisotho. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walitengeneza orodha za maneno ya watoto kwa Kiswahili na Kigiriama, ili mama aweze kusema mtoto wake anaelewa nini na anasema nini bila mtoto kuwekwa mbele ya picha za kigeni. Kigiriama! Lugha isiyotuzidi kwa lolote. Tofauti ni kwamba kuna mtu aliketi na akina mama.

Nitoe mfano mmoja mdogo wa kazi ambayo darasa letu lingeimaliza kwa juma moja. Mtoto aliyeshonwa kaakaa lililopasuka, logopedi anataka kujua kama hewa bado inavujia puani. Anamtamkisha sentensi isiyo na sauti ya pua hata moja, kwa mfano "Kaka alipasua kikapu," kisha anambana pua, anamtamkisha tena. Sauti ikibadilika, hewa inavuja. Halafu anampa sentensi iliyojaa pua, "Mama amenunua nyanya," ili alinganishe. Kwa Kiswahili ni rahisi, nimezitunga hizo mbili nikisubiri pikipiki. Jaribu sasa kwa Kinande. Utakwama mapema, kwa sababu omu-, emi-, ama- na en- zote zina sauti ya pua, na nomino nyingi unazozifikiria kwanza zinaanzia hapo. Itabidi ukae katika eki-, ebi-, olu-, aka- na obu-, utafute vitenzi vinavyofaa, uhakikishe mtoto wa miaka mitano anayajua maneno hayo. Hilo ni zoezi la ngeli lililo bora kuliko yote niliyowahi kupewa, na mwishoni kuna mtoto anayelitumia.

Nilipomaliza Butembo nilikwenda Beni siku chache kwa mwalimu mmoja tuliyefahamiana, na nikaikuta faili ile ile, fotokopi ya fotokopi. Ukurasa mmoja una nyumba ya Ulaya, ya matofali, na moshi unatoka katika dohani juu ya paa. Jibu linalotakiwa ni "nyumba". Mvulana mmoja aliyetoka upande wa Oicha aliitazama, akasema: "Bameichoma." Mwalimu aliniambia kwamba kwa kufuata karatasi hiyo ni sifuri. Hakuiandika. Alifunga faili, wakaenda kula.

Beni imekuwa ikizika watu waliouawa tangu Oktoba 2014, na katika madarasa yake wapo watoto ambao hawasemi kabisa, wala si kwa sababu ya lugha au masikio. Mbele ya hao mwanaisimu aweke daftari chini. Hata logopedi peke yake hatoshi. Anatakiwa mtu aliyesomea majeraha ya moyo. Ninalisema hili kwa sababu najua wenzangu, na mimi nikiwa wa kwanza: tukishika kinasa sauti tunadhani kila ukimya ni data.

Vilevile si kila mtoto wa shule hizi anatafuta sauti. Viziwi wana lugha yao. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi, alianzisha shule zaidi ya thelathini za viziwi katika Afrika, kuanzia Ghana mwaka 1957, na nchi yetu ikiwamo. Alifariki katika ajali ya ndege upande wa Gisenyi mwaka 1987. Lugha za ishara za viziwi wengi wa Afrika inayotumia Kifaransa zina mizizi katika ile aliyoileta. Kumlazimisha mtoto kiziwi atamke "bonjour" ili wageni wapige makofi, na kumnyima ishara, ni kumwacha bila lugha yoyote. Nayo pia ni sarufi ambayo idara yetu haijaigusa, lakini hiyo ni makala nyingine.

Nilipomweleza asistenti mmoja mawazo haya alinijibu kwa upole: "Sisi si waganga." Ni kweli. Nami nimeonyesha hapo juu kinachotokea mwanafunzi wa lugha akijifanya mganga. Lakini mji huu unapaswa kukumbuka. Ebola ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, karatasi za kwanza zilizofika mikononi mwetu zilikuwa za Kifaransa na za Kiswahili ambacho bibi zetu walikisikia kama redio ya mbali. Ugonjwa ulimalizika Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Sisemi kwamba karatasi ndizo zilizoua. Nasema kwamba wakati ule hakuna daktari aliyetuambia kwamba lugha si kazi ya afya. Walikuwa wakitafuta watu wa lugha mlango kwa mlango.

Wapo pia watakaosema kwamba walimu wa shule hizi wanahitaji mishahara kabla ya irabu. Ndiyo, na ningetia sahihi barua hiyo kwa furaha kuliko niliyoitia. Sheria zipo: Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 49, inamwahidi mtu mwenye ulemavu ulinzi maalumu, na sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 imeingia ndani zaidi. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaruhusu lugha za taifa na lugha za mahali kutumika kufundishia, na kama Kambale angefundishwa kusoma kwa lugha aliyokuja nayo, barua ile ya "wenzake" isingeandikwa. Mishahara idaiwe Kinshasa. Lakini orodha ya maneno ya mtoto wa Nande haiko Kinshasa, na hakuna waziri anayeweza kuitia sahihi ikawapo.

Na logopedi wenyewe watoke wapi? Wengi wetu tunatazama Ulaya, au Lomé, ambako wanafunzi wa Afrika inayotumia Kifaransa husomea kazi hii. Mimi natazama karibu zaidi. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha tiba ya usemi na lugha mwaka 2008. Kutoka Butembo, Kampala inafikiwa kwa basi kupitia Kasindi; Kinshasa inataka ndege. Na ng'ambo tu ya Kasindi, katika Kasese, watu wanasema Lukonzo, ambacho Munande anakielewa bila mkalimani. Mkonzo aliyesoma Makerere angeweza kufanya kazi Butembo kwa lugha ya bibi yake Masika tangu siku ya kwanza, na orodha tutakayotunga sisi ingemfaa yeye na wagonjwa wake wa kwao. Mpaka ule umewazuia watu wengi, lakini ngeli zimepita.

Ninachoomba idara ni kidogo. Memwari mbili au tatu kila mwaka ziwe za usemi wa watoto wazima, wenye umri ulioandikwa kwa miezi na ruhusa ya wazazi. Staji katika shule za watoto wenye ulemavu iwe na msimamizi wa kweli, na mwanafunzi aende kusikiliza na kuandika, bila kutia sahihi chochote. Na katika kila karatasi ya kumpokea mtoto pawe na mstari mmoja zaidi: lugha anayosema na bibi yake. Mstari huo haugharimu hata faranga moja. Direkta wa shule yangu ya staji amekwisha kuuongeza kwa kalamu.

Mimi nimeanza. Nina saa kumi na moja za watoto tisa wa mitaa ya Furu na Rughenda, wa kati ya miaka miwili na mitano, wakicheza, wakigombana na wakiimba. Sehemu kubwa ni kelele za kuku na pikipiki. Anayesikia vizuri tofauti ya irabu za Kinande, hasa zile za juu ambazo sikio langu la mtoto wa mjini linazikosa, aje maktaba Alhamisi baada ya saa nane mchana. Meza ya mwisho, karibu na dirisha. Alete spika za masikioni zake, maana zangu zina upande mmoja tu unaofanya kazi.